Wimbo wa Kugeuka

Wazee arobaini walikuwa wamejilaza vitini, macho wameyafumba, kofia za fedha vichwani, na wote arobaini walikuwa wakipiga miguu chini kwa pamoja. Ukumbini hapakuwa na gitaa, hapakuwa na ngoma, hapakuwa na spika hata moja. Lakini bibi mmoja wa miaka sabini na minne, ambaye roboti mhudumu ndiye aliyemshika mkono kumwingiza, alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu mpaka kilemba alichokifunga juu ya kofia kikamtoka. Babu wa pembeni yake alikuwa ameinua mikono yote miwili juu, anacheka huku machozi yanamtiririka. Mtu asiyejua angesema wamepagawa.

Wapi! Walikuwa uwanja wa mpira wa Morogoro, Jumapili alasiri ya mwezi wa nne, miaka arobaini na mitano nyuma, wanawasikiliza Mabati Moto.

Mtambo uliowarudisha huko uliitwa kifumakumbukumbu. Kwanza mashabiki mia nne walikuja mmoja mmoja, wakavalishwa kofia, wakaambiwa walikumbuke tamasha lile toka mwanzo hadi mwisho. Vihisi vya kofia vikanasa kila walichokumbuka, na kumbukumbu ya kila mtu ikaitwa uzi. Huyu alikumbuka gitaa, yule viatu vya mwimbaji, mwingine harufu ya mihogo ya kukaanga. Mtambo ukazichukua nyuzi zote mia nne, ukalinganisha, ukafuma tamasha zima. Sasa waliotoa nyuzi walikuwa wanaitwa kwa makundi kuja kuvaa kofia tena, na tamasha linawaingia vichwani kama walivyokuwa pale, miguu matopeni.

Hapakuwa na njia nyingine ya kulipata. Mabati Moto walikuwa vijana wanne wa mtaa wa Kihonda, hapo hapo Morogoro, waliopiga roki chini ya paa la bati, na mpiga ngoma wao alikuwa na bati zima limening'inizwa kwa kamba, analitwanga kwa nyundo. Ukiwasikia mara ya kwanza unadhani gereji inabomoka. Walitoa albamu tatu, na mpaka leo ukitaka kuwagombanisha mashabiki wao waulize ipi bora. Lakini kwenye jambo moja wote ni kauli moja: albamu ni chai ya jana, Mabati Moto walikuwa jukwaani. Na jukwaani hawakurekodiwa kamwe. Mlangoni unaacha simu, miwani ya kamera, saa, kila kitu. "Mkitaka kutukumbuka, mna vichwa," mwimbaji alikuwa anawaambia. Basi watu wakabaki na vichwa vyao.

Kwenye meza ya kuongozea alikaa Injinia Veneranda Lukoa, mwanamke wa miaka thelathini na sita, ndiye aliyelifuma tamasha hili kwa miezi kumi na moja. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri, lakini yeye alikuwa hatazami kazi. Alikuwa anatazama kiti namba kumi na tisa, alipolala baba yake.

Mzee Gervas Lukoa hakuja kusikiliza gitaa. Alikuja kumwona mkewe.

Hapo inabidi nieleze kugeuka, maana bila kugeuka huwezi kuwaelewa watu hawa. Kila tamasha la Mabati Moto lilikwisha kwa wimbo mmoja, "Nani Yuko Nyuma Yako". Mwimbaji anapiga kelele, "Geukeni!" Mstari wa kwanza unageuka nyuma, wa pili unabaki, wa tatu unageuka, wa nne unabaki, hivyo hivyo hadi mwisho wa uwanja. Kila mtu anajikuta uso kwa uso na mtu mmoja, mara nyingi asiyemjua, na kwa dakika saba mnaimbiana. Kutazama jukwaa ni mwiko. Ukiibia jicho unakula kofi la mgongo, na hakuna atakayekuonea huruma.

Siku ile Gervas aligeuka, akamkuta Sikudhani. Dakika saba walizipata, jioni iliyobaki ilichukuliwa na mvua. Watu walikimbia, akampoteza hata jina hajamuuliza. Wiki mbili alizunguka mji mzima anamtafuta, mpaka alipoingia duka la ushonaji mtaa wa Mji Mpya, na fundi akainua kichwa akasema, "Ni mimi. Na ulikuwa unaimba vibaya." Wakaoana. Wakaishi miaka thelathini na minane, hadi ugonjwa ulipomchukua Sikudhani.

"Namsahau, Vene," mzee alikuwa amemwambia binti yake. "Nikifumba macho namwona wa hospitalini tu. Yule wa uwanjani ananitoroka. Nirudishe nikamwone vizuri, mama, mara moja tu, nitatulia."

Nani angemkatalia baba maneno hayo? Veneranda akaliweka jina lake kwenye kundi la kwanza.

Dakika ya hamsini na mbili, miguu yote ikatulia. Vichwa vyote vikasogea kidogo, kama mtu anayetaka kugeuka usingizini. Kugeuka kumeanza. Veneranda alitabasamu, akafungua kioo kinachoonyesha anachokiona kila mmoja.

Tabasamu likamkauka.

Kioo kilikuwa na vidirisha arobaini, na kwenye vyote arobaini alikuwemo mwanamke yule yule. Miaka kama ishirini na mitano, si mweupe si mweusi, mwanya katikati ya meno, kishimo shavuni, nywele zimelowa. Mzuri, tena mzuri sana, na Veneranda hajapata kumwona maishani mwake.

"Bwana Shilinde," alimwita mkuu wake. "Njoo uone sura hizi."

Shilinde akaja na kikombe chake cha kahawa, akatazama, akakiweka kikombe chini polepole.

"Kanuni ya sura," akasema.

Veneranda aliijua vizuri, maana ndiye aliyeiandika ndani ya mtambo. Sheria inakataza kumwonyesha mtu ambaye hakutoa ridhaa. Kwa hiyo sura za watu wa kawaida uwanjani mtambo hauzionyeshi, unazichanganya zote unatoa moja isiyo ya mtu. Waliijaribu kwa bendi nyingine tano na hapakutokea tatizo, kwa sababu mashabiki wa bendi nyingine hutazama mbele, na jirani ni kisogo tu na bega. Nani duniani anakwenda kwenye tamasha akaipe bendi mgongo? Mabati Moto peke yao. Na yeye binti wa kugeuka, aliyelelewa kwa hadithi hiyo tangu ananyonya, miezi kumi na moja alishughulika na gitaa na bati, wala halikumjia kichwani! Alijisikia kujipiga makofi.

"Zima," akasema.

"Nizime katikati ya tamasha? Vene, wewe ndiye uliyeandika onyo."

Ni kweli. Mwaka jana umeme uliwakatikia katika majaribio, na mpaka leo kuna kijana anasikia noti moja ya gitaa isiyokwisha, mchana na usiku.

"Basi mtoe baba tu. Mmoja tu."

"Tamasha ni moja kwa wote. Ukimgusa yeye umewagusa thelathini na tisa."

Zilibaki dakika sita. Veneranda alisimama, akakaa, akasimama tena. Alijua kinachotokea ndani ya kichwa cha baba yake kuliko mtu yeyote pale. Kumbukumbu haikai ndani imekauka. Kila ukiikumbuka unaitoa ikiwa laini, kama unga wa chapati uliokandwa, unaishikashika, ndipo unairudisha. Ulichoingiza wakati iko laini kinarudi nayo, na ya zamani haipo tena popote. Baba yake alikuwa ameitoa ile aliyoipenda kuliko zote, iko wazi, na mgeni anaingizwa ndani.

Mzee Gervas alikuwa anaimba. Kweli aliimba vibaya. Aliinua mkono wa kuume taratibu, akaupapasa upepo mahali ambapo shavu la mtu lingekuwa. Veneranda alisimama kando yake hadi dakika ya mwisho, ameushika ukingo wa kiti, hana la kufanya.

Kofia zilipovuliwa, ukumbi ulilipuka. Wazee wanakumbatiana, wanapigana mabega, bibi wa kilemba anadai apewe duru ya pili. Shilinde alishikwa mikono mpaka akachoka. Mzee Gervas peke yake alibaki kitini, anamtazama binti yake kwa mshangao wa mtoto.

"Nimemwona, Vene."

"Baba, nisikilize kwanza..."

"Nimemwona vizuri kabisa. Si mama yako."

Veneranda alipiga magoti pale pale sakafuni. Akamweleza yote: sheria, kanuni, sura zilizochanganywa, kosa lake yeye mwenyewe. Akasema nisamehe baba zaidi ya mara tano. Mzee alimsikiliza kwa upole, kama alivyokuwa anamsikiliza zamani akimweleza kwa nini kikombe kimevunjika.

"Nimekuelewa, mama. Ila hayo ni ya mashine. Mimi nakwambia ninachokumbuka. Mwanya, hapa. Kishimo, hapa."

"Mwanya na kishimo!" Mzee Hiza wa kiti cha ishirini alidakia, hata shikamoo ya Veneranda hakuisubiri. "Na nywele zimelowa? Mwenzangu, huyo ndiye niliyemgeukia mimi!"

"Na mimi," akasema bibi wa kilemba.

"Mnaona?" Veneranda alisema, na matumaini yakampanda ghafla. "Baba, umesikia? Inawezekanaje mtu mmoja awageukie watu arobaini? Ndiyo ushahidi kwamba ni mashine!"

Lakini wazee hawakusikia ushahidi huo. Walisikia mwingine. Walikuwa wanapeana alama za yule mwanamke, kila alama inakubaliwa kwa shangwe, na kila ikikubaliwa wanazidi kuwa na hakika.

"Alikuwa anahamahama mistari," Mzee Hiza aliamua. "Watu wa namna hiyo walikuwepo. Siku ile nani alikuwa anahesabu?"

"Watu arobaini tunamkumbuka, Vene," baba yake akasema. "Wewe hukuwepo."

Veneranda alifungua simu yake ya kiganjani, akamtolea picha ya mama yake ya ujanani, amekaa nyuma ya cherehani, uzi mdomoni. Mzee aliishika, akaitazama kwa mapenzi.

"Huyu ni Sikudhani. Simsahau mke wangu, usiniogope. Lakini angalia mwenyewe. Ana mwanya?"

"Hana."

"Basi."

Alimrudishia simu. Akatafuna kitu kisichokuwepo mdomoni, na alipoanza kusema tena alikuwa anasema na nafsi yake zaidi.

"Nilikuwa nimechoka siku ile. Wiki mbili natembea. Naingia dukani, mtu ananiambia ni mimi, nami nikataka iwe kweli. Pengine alinionea huruma. Pengine alinipenda tu, akaona asiipoteze nafasi." Akaguna. "Miaka thelathini na minane hakuniambia."

"Hakukudanganya! Baba, hakukudanganya! Alikwambia unaimba vibaya, angejuaje?"

"Kila mtu anajua naimba vibaya."

Veneranda alikimbia mezani, akamkuta Shilinde anaandaa kundi la pili.

"Uzi wa baba alioutoa mwanzo. Wake peke yake, kabla ya kufumwa. Tumvalishe huo."

"Nyuzi zilifutwa siku ya kufuma. Sheria ile ile ya ridhaa. Saini ni yako."

"Basi tusimamishe angalau kundi hili."

"Nimewapigia makao makuu. Wanasema hakuna aliyelalamika." Shilinde hakumtazama usoni. "Wametoka wanacheka, Vene. Niwaambie nini?"

Mlango mkubwa ulifunguka, wazee arobaini wengine wakaingia. Wengine wamevaa fulana za Mabati Moto zilizopauka, wanataniana, wanauliza choo kiko wapi. Roboti wahudumu wakaanza kuwapanga vitini. Veneranda alitaka kupaza sauti awaambie warudi nyumbani na walicho nacho. Alifungua mdomo. Babu mmoja akamwambia, "Mwanangu, nimemngoja huyu mtu miaka arobaini na mitano, fanya haraka," akalala, akajivalisha kofia mwenyewe.

Aliporudi kwa baba yake alikuta wameunda kamati. Mzee Hiza mwenyekiti, bibi wa kilemba katibu. Shughuli ni moja, kumtafuta mwanamke wa kugeuka, na majina ya wanakamati tayari yanaandikwa.

"Vene, umefika vizuri," baba yake akasema. "Mashine inaweza kututolea picha yake? Tuibandike sokoni na stendi."

"Huyo hayupo, Baba. Hajawahi kuzaliwa."

"Atakuwa mzee kama mimi, najua. Huenda hata ametangulia. Lakini akiwa hai nataka nimwombe radhi. Nilimwacha kwenye mvua, nikaacha kumtafuta mapema, nikaoa mwingine."

"Na mama?"

Mzee Gervas alimpapasa binti yake kichwani, kwa mkono ule ule uliopapasa upepo.

"Mama yako alikuwa mtu mwema sana," akasema. "Simsemi vibaya hata kidogo." Kisha akamgeukia katibu, akamtajia jina lake yeye mwenyewe, lote, mara mbili ili asilikosee.