Ukuta Unakatwa Kutoka Juu

Mama Nyirabahire, jirani yetu, alisema kwamba Papa, baba yangu, aliuawa na kasiksi. Alisimulia habari hiyo kisimani, mbele ya wanawake wote, huku akingoja mtungi wake ujae. Eti usiku Papa alikunywa pombe hiyo ya ndizi na wachimbaji wenzake, asubuhi akashuka shimoni na kichwa kizito, akalala chini ya ukuta wa udongo. Ukuta ukamwangukia akikoroma.

"Muntu asiyelewa, udongo ukianguka anaruka pembeni," alisema. "Njo vile nilisikia."

Mimi nilikuwa nyuma yake na kibuyu changu. Hakuniona. Nilichota maji, nikapanda kilima kama kila asubuhi, nikawasha moto, nikaweka viazi. Mama aliniuliza mbona macho yangu ni mekundu. Nikamwambia ni moshi.

Ilikuwa mwaka 1953. Papa yetu, Mbonigaba, alikuwa amekwenda kufanya kazi katika mgodi wa bati, mbali kule katika msitu wa Walikale. Sisi tulibaki kwenye kilima chetu karibu na Kirolirwe tukilima maharagwe na viazi. Habari ya kifo chake ilitufikia kwa mdomo wa wapita njia. Alikwisha kuzikwa hukohuko, na hatukuonyeshwa hata udongo wa kaburi lake.

Maneno ya kisimani yalifika nyumbani bila mimi kuyabeba. Kaka yangu Théogène ndiye aliyeyapokea vibaya zaidi, kwa sababu yalimpa moyo. Alikuwa kijana mwenye nguvu, na alitaka kwenda kushika nafasi ya Papa mgodini.

"Mimi sinywi kasiksi," aliniambia. "Papa alikunywa, akafa. Mimi sinywi. Basi mgodi utanifanya nini?"

Mama alisikia, akainama juu ya chungu.

Majuma machache baadaye, tukiwa shambani, mwanaume mmoja alipanda njia akiwa na mzigo kichwani. Alikuwa kapita Viateur, msimamizi wa shimo alilofanyia kazi Papa. Alikuja kuchukua wachimbaji wapya, na kumletea Mama blanketi, kofia na rozari ya Papa. Mama alivipokea kwa mikono miwili, akaviweka juu ya majani ili visiguse matope. Halafu akarudi kulima. Nadhani hakutaka mgeni auone uso wake.

Kapita alisimama akitutazama. Sisi watu wa milimani hulima tukiuelekea mlima. Tunaanzia chini, jembe linavuta udongo hadi miguuni, nasi tunapanda na kazi yetu polepole. Mtoto akianzia juu, watu humcheka: "We, unataka kubingirika na jembe lako mpaka Sake kule chini?"

"Mama," kapita aliuliza kwa sauti ndogo, "ni hivi munalima siku zote?"

"Njo hivi. Kwenu munalimaje?"

"Kwetu Sake shamba iko tambarare." Akakaa chini. "Mbonigaba pia alilima hivi?"

"Yeye njo aliwafundisha hawa watoto."

Théogène aliacha jembe. "Papa Viateur, sema ukweli. Alikuwa amelewa?"

"Nani alisema vile?" Kapita alisimama tena, na sauti yake ikapanda. "Asubuhi ile tulisali pamoja. Nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na wewe. Hakuonja kitu!"

Kisha akatueleza. Mchanga wa bati hulala chini kabisa, na juu yake kuna udongo mrefu kuliko nyumba. Sheria ya kazi ni kuanzia juu na kushuka kwa kukata ngazi pana, ili ukuta usibaki umesimama wima juu ya kichwa cha mtu. Ukiona ufa, au udongo unadondoka kidogokidogo, unatoka. Wachimbaji wapya wote walifundishwa maneno hayo siku ya kwanza.

"Niliwauliza, 'Mumesikia?' Wakajibu, 'Tumesikia, kapita.' Mbonigaba alirudilia maneno yote bila kukosea. Siku ile alianzia juu vizuri. Nikaenda kutazama shimo lingine. Niliporudi, alikuwa ameshuka, amechimba chini mpaka ukuta umekuwa kama pango, na mvua ilikuwa imenyesha. Nikaita. Udongo ulitangulia sauti yangu." Alitazama mistari ya shamba letu. "Nimejiuliza kila siku kwa nini alifanya vile. Kumbe mikono yake ilikuwa inalima nyumbani, kuanzia chini."

Mama alikaa juu ya matuta akalia. Tangu habari ifike, ile ndiyo mara ya kwanza kumsikia akilia kwa sauti.

Nilidhani kaka ataogopa na kubaki. Hakubaki. "Sasa nimejua," alisema. "Kuanzia juu. Nitakumbuka."

"Papa naye alikumbuka," nikasema. Nikamgeukia mgeni. "Papa Viateur, mujaribu hapa, mbele yetu."

Nyuma ya nyumba kuna ukuta wa udongo, urefu wa kiuno cha mtu, ambapo tunachimba udongo wa kukandika nyumba. Kapita alimwonyesha Théogène namna ya kukata ngazi. Kaka akaanza vizuri, akijisifu kidogo.

"Kazi iko nyepesi hivi?" alisema.

"Eee, naona," kapita alijibu. "Lakini niambie, yule Jeannette wa pale chini, aliyenionyesha njia, mbona aliniuliza kama wewe pia unaondoka?"

"Jeannette? Alisema nini tena?" Kaka akacheka, akashuka ili asikie vizuri. Kapita akaendelea kumpigisha stori. Mimi nilikuwa natazama jembe. Lilipiga chini, likapiga tena chini, likavuta udongo miguuni.

"Kaka! Mikono yako!"

Ukuta ulimeguka. Udongo ulimfunika hadi magotini, mzito, akashindwa kuinua mguu. Hakuna aliyecheka. Tulimfukua kwa mikono, mimi na Mama, na Mama alikuwa akifukua haraka kuliko ilivyohitajika.

Kapita alikaa kwetu juma zima. Kila siku alimfanyisha Théogène kazi ileile, akimsemesha, akimtania, akimkasirisha, mpaka mikono yake ikazoea kuanzia juu hata akili ikiwa kwa Jeannette. Vijana wengine waliotaka kwenda mgodini walikuja nao wakafanya. Mama Nyirabahire alikuja pia, akasimama kando, akasikiliza. Jioni alimletea Mama ndizi. "Nilisema vile nilisikia," alinong'ona. Mama akazipokea.

Siku ya mwisho kapita aliwaambia vijana wote: "Zamani nilikuwa nauliza, 'Mumesikia?' Tangu leo nitasema, 'Munionyeshe.' Maneno ya usalama yakikaa masikioni tu, hayamulindi muntu. Muyafanye mpaka mikono iyajue. Na mwenzako akisahau, mwite kwa sauti, kama huyu dada alivyofanya. Usione haya."

Asubuhi waliondoka kwenda Sake kungoja lori. Ukungu ulikuwa haujapanda. Kaka alivaa kofia ya Papa. Niliwasindikiza hadi njia inapokatana na kijito, na hapo nikamshika kapita mkono wa koti.

"Papa Viateur, nakuomba kitu kimoja. Ukuta ukianza kudondosha udongo, na muzungu mwenye mgodi akasema mwendelee na kazi, umutoe kaka yangu. Uwatoe wote. Niambie utawatoa."

Kapita alishusha mzigo wake, akaifunga upya kamba iliyokuwa imefungwa vizuri. Kaka naye alikuwa akimtazama, akingoja. Halafu kapita akaupandisha mzigo kichwani, akakanyaga maji ya kijito, akatangulia mbele bila kutoa ahadi ile.