Kiti cha Marehemu Hinckson

Kiti cha Diwani Hinckson kilikuwa kimelowa tena. Mhudumu alikifuta asubuhi. Mkutano ulipoanza kikawa chapachapa, kinanuka tope la mfereji.

"Paa linavuja," akasema meya.

Paa lilikuwa kavu. Lakini baraza letu ni bingwa wa kusingizia paa.

Hinckson alizikwa wiki hiyo hiyo, na hakuna aliyemkeshea. Hapa kwetu Berbice hata mlevi wa sokoni hukeshewa: kahawa, biskuti na jibini, dhumna zikigongwa mezani mpaka marehemu aridhike kuondoka. Usiku wa kumkeshea, wagombea walikuwa wakibisha milango ya madiwani kuomba kiti chake. Odetta Cumberbatch, mwalimu mstaafu, alibandika picha yake kwenye geti la marehemu jeneza likiwa bado ndani. Sababu alikuwa nayo, sikatai. Lango la kuzuia maji la kata yao lilikuwa limeoza. Mvua ikinyesha, mfereji ulihamia chumbani kwa Kelroy, mjukuu wake mwenye pumu, akalazwa juu ya meza. Odetta alitaka lango jipya, basi. Ila hata mwenye sababu ana miguu ya kwenda msibani.

Siku ya madiwani kupiga kura, wagombea walibaki wawili. Alianza kujieleza Ramdehol, muuza matairi, mtu wa maneno kama redio. Akaketi kwenye kile kiti. Chini yake kitu kikagonga: ta! Kama dhumna.

"Komredi Meya, mimi..." Mabega yakamshuka. "Mimi nakubaliana na wote."

Hiyo ndiyo sentensi pekee aliyoisema Hinckson miaka yake yote pale.

"Unaumwa, Anko?" Odetta akamnong'oneza.

"Nimechoka tu. Nimechoka kama maiti ambaye hajaambiwa."

Meya akaahirisha, watu wakale. Odetta akakimbilia sokoni kwa Nana Quamina, mganga, akarudi naye akiwa na chupa ya kahawa na soksi iliyojaa dhumna.

"Hamna haya nyinyi," Nana akakemea kwa sauti ya chini. "Mnamrukia mtu kiti hata hajapoa! Kageuka jumbi, mzimu unaowaganda watu, kwa sababu hajui amekufa. Tutacheza naye mchezo mmoja, kisha tumwambie aende. Mpaka mwisho, mwalimu. Umesikia?"

"Nimesikia, Nana."

Wakacheza: Nana, Odetta, Ramdehol, na kiti. Kete za kiti zilijigeuza zenyewe, taratibu, zikiacha alama za maji mezani, na kila moja ilipojigonga, ta!, harufu ya tope ilipungua kidogo, na mto wa kiti ukakauka kidogo, na Ramdehol akavuta pumzi kidogo, mpaka Odetta akabakiwa na kete moja na kiti kete moja.

Kengele ikalia. Madiwani wakaingia wakichokonoa meno.

"Ondoeni uchafu huo," akasema meya. "Tunapiga kura. Anayetaka kucheza amejitoa."

"Mimi najitoa," Ramdehol akasema. "Odetta, kaa tumalize. Tafadhali."

Odetta akasikia kikohozi cha Kelroy kichwani mwake. Akainuka, kete yake mfukoni. "Nikishapata kiti nitamkeshea vizuri, Nana. Naapa."

"Ndivyo mnavyosemaga," Nana akajibu, akikusanya zilizobaki.

Odetta akapita bila kupingwa. Akaketi. Kiti kilikuwa kikavu.

"Haya, Diwani Cumberbatch, hoja yako ya kwanza?"

Nje mvua ikaanza kupiga mabati, na Odetta akafungua mdomo kuomba lango, neno lenyewe likiwa tayari ulimini, lakini baridi ikapanda kutoka kwenye mto wa kiti, ikalowesha sketi, ikatambaa mgongoni polepole kama maji yanavyopanda ukutani kwa Kelroy, ikafika shingoni na uchovu mzito kuliko wa miaka yote aliyofundisha, uchovu usio wake, na alipojilazimisha kusema, sauti nene iliyonuka tope ikamtoka:

"Nakubaliana na wote."

Madiwani wakapiga makofi. Na chini ya kiti, kwa raha, kama mtu aliyempata wa kucheza naye, dhumna ikagongwa: ta!