Nyumbani Mko Wangapi?

Remla alikuwa hajaandika kitu, na kompyuta ilikuwa imeshamjibu.

Lilikuwa zoezi la mwanzo kabisa katika kozi ya kwanza ya programu, kwenye chuo kimoja cha mji wa Dire Dawa: programu iulize jina, mtu aandike, imsalimu. Remla aliiendesha, na kabla hajagusa herufi hata moja kioo kikaandika: Salaam, Remla.

"Kulani, njoo uone."

Rafiki yake akainama, akacheka. "Umeliweka jina lako humo mwenyewe, dada. Usingizi huo! Mwalimu Bezabih akiona, utachekwa mpaka mwaka wa nne."

Remla alipekua mistari yake sita. Jina lake halikuwamo. Na chumba kile, madirisha yamefungwa kwa vumbi na jua la saa saba, kikaanza kunuka ubani.

Angehamia kompyuta nyingine, yaishe. Lakini alikuwa ameanguka majaribio mawili, na la tatu lingemtoa chuoni. Kaka yake Fuad aliacha shule baba yao alipofariki, akaendesha bajaji ili yeye asome. Kwa hiyo juma lililofuata, kioo kilipoandika chenyewe, Nikusaidie?, alitazama huku na huku kama mwizi, akajibu: Ndiyo.

Jaribio hilo la tatu, lililomliza siku tatu, likakamilika mbele ya macho yake. Akalituma kwa Mwalimu Bezabih. Kisha kioo kikauliza: Nyumbani mko wangapi?

Watatu.

Majina?

Akaanza na la kaka yake. Harufu ya ubani ikazidi. Akaizima mashine kabla hajafika kwa mama.

Asubuhi Fuad hakuitika. Alikaa kitandani ameukodolea macho ukuta, vidole vyake vikigonga mapaja, tk, tk, tk, bila kupumzika, na mama alipomshika mikono ili vitulie viliendelea kugonga ndani ya viganja vya mama, na nywele za Fuad zilinuka ubani ambao nyumba ile haikuwa imeufukiza tangu msiba wa baba.

Mama akamwita Bibi Zehra, mtabibu wa mtaa. Alikaanga buni, akasoma dua, akampulizia Fuad usoni.

"Wewe ni nani?"

"Mgeni," sauti ikatoka, kavu, si ya Fuad. "Sikuvamia. Nimepewa."

"Na nani?"

Macho ya Fuad yakageuka taratibu, yakatua kwa Remla.

"Mwanangu," mama alinong'ona, "umefanya nini?"

Remla akasema yote. Bibi Zehra akamshika kidevu. "Ulichopewa kikatae. Kifutwe, na asikifungue mtu mwingine. Nenda sasa hivi."

Alimkuta Mwalimu Bezabih ofisini.

"Kazi ile si yangu, mwalimu. Nipe sifuri. Lakini nakuomba, ifute bila kuifungua."

"Unajua sifuri maana yake nini?"

"Najua. Nitaondoka."

Mwalimu alimtazama kwa huruma. "Umekuwa mkweli. Nitakuombea urudie mwaka. Haya, nenda, naifuta."

Alikuwa bado kwenye ngazi simu ilipolia. Mama alikuwa akilia na kucheka. "Ameamka! Anaomba injera ale, anagomba eti bajaji yake nani kaigusa!"

Remla akaketi pale pale ngazini, akalia naye. Mwaka umekwenda, na uende. Alipovuta pumzi ili ainuke, ukamjia, mwembamba, ukishuka kutoka ghorofa ya juu: ubani.

Akapanda mbio. Mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa kwa ndani, na kupitia kidirisha chake aliuona mgongo wa mwalimu, mtu aliyezoea kuwacheka wanaoamini majini, ameinama karibu kabisa na kioo, vidole vikienda, tk, tk, tk, na mwanga ukimpiga usoni, na picha ya mke wake na mabinti watatu, iliyokaa mezani kwake siku zote, ameishika mkono wa kushoto kama mtu anayenakili majina.

"Mwalimu! Usiandike! Mwalimu Bezabih, acha!"

Aligonga mpaka ngozi ya vifundo ikachubuka. Mwalimu hakugeuka.

"Subiri kidogo, Remla," alisema kwa upole. "Amebaki mtoto mmoja tu."