Saa Niliyoiacha Pirongia

Alhamisi ile nilitoka kazini saa kumi na moja jioni, nikapitia dukani kwa binamu yangu Tipene, hapo mjini Te Awamutu. Tipene anauza mahema, viatu vya mbio na saa za GPS. Mbio zangu za milimani zilikuwa zimebakiza siku tisa, na saa yangu ilikuwa imekufa.

"Jaribu hii," akasema, akinifunga saa nyeusi mkono wa kushoto. "Ina ramani. Inaongea na setilaiti yenyewe."

"Mbona nzito hivyo? Nakwenda kukimbia au kubeba tofali?"

Akacheka, akanifunga nyingine mkono wa kulia. Nyepesi, bila ramani, mshale tu wa kukurudisha ulikoanzia.

"Panda mlima nazo zote mbili. Itakayokufaa ndiyo yako. Ila urudi mapema, Rawi. Shangazi Huhana akisikia nimekutuma mlima Pirongia jioni, atanikata masikio."

Nilianza kupanda jua likiwa bado kwenye vilele vya miti. Nusu saa nzima saa zile zilikubaliana kwa kila kitu: umbali, mwinuko, mapigo ya moyo.

Kisha ukungu ukashuka.

Haukuja taratibu. Uliniangukia kama shuka lililolowa. Ndege wakanyamaza. Nikanusa udongo mbichi, na harufu nyingine... kama maji yaliyolala ndani ya gogo.

Nikatazama mkono wa kulia. Mapigo mia na hamsini na moja. Nikatazama wa kushoto.

Thelathini na nane.

Moyo ulikuwa ukinidunda hadi masikioni. Sasa huo wa thelathini na nane ulikuwa wa nani?

Mshale ulisema nirudi. Ramani ya saa nzito ikachora njia mpya, ikitumbukia bondeni, mahali ambapo najua hakuna njia. Na huko bondeni ikalia filimbi. Laini. Tamu. Miguu yangu ikageuka kabla sijaiamuru.

"Rawi... huku, binamu..."

Sauti ya Tipene. Nikafungua mdomo kuitika, nikaufumba. Tipene ana goti bovu. Hajapanda mlima huu miaka sita.

Tuliokulia chini ya Pirongia tunawajua patupaiarehe, watu wa ukungu. Huchukua watu kwa filimbi, na chakula kilichopikwa huwakimbiza. Mfukoni nilikuwa na viazi vitamu vya kuoka. Nikaviponda, nikajipaka usoni, shingoni, mikononi.

Filimbi ikakatika.

Kitu kikapumua karibu na sikio langu. Kikarudi nyuma hatua moja... mbili...

Hapo mkanda wa saa nzito ukanikaza kama vidole. Nikaukwanyua kwa meno, nikaitupa saa bondeni.

Sikuisikia ikianguka.

Nilifuata mshale mbio, nikianguka, nikiinuka, mpaka nikaligusa gari langu.

Nyumbani kwake usiku ule, Tipene akiwapo, Shangazi Huhana aliniombea, akaninyunyizia maji. "Umeacha nini huko, mwanangu?"

"Saa."

"Iliyokunywa jasho lako?" Akafumba macho. "Isifuatwe."

"Shangazi, saa ni saa tu," Tipene akasema, akifungua simu yake. "Inatuma taarifa ya mahali ilipo. Ona, hii hapa..."

Akanigeuzia kioo cha simu. Nukta ya saa ilikuwa inatembea kwenye ramani. Chini yake yaliandikwa mapigo thelathini na nane.

"Labda kuna mtu kaiokota," akanong'ona.



Tipene aliwaandikia waliotengeneza saa ile. Wakamjibu kwa upole kwamba haisomi mapigo isipokuwa imegusa ngozi.

Ile nyepesi nikaichukua mimi. Mbio nilizikimbia, nikamaliza, na tangu hapo sijapanda tena Pirongia. Lakini kila jioni ukungu ukishuka, nukta inaamka na kuzunguka bonde lile lile. Nilimwomba Tipene aifute kwenye simu. Anasema bora ajue iliko.

Jana jioni akanipigia. Alikuwa peke yake dukani.

"Rawi... mapigo yamepanda."

"Iko wapi?"



"Imetoka msituni. Imeshika barabara ya mjini."

"Funga duka, Tipene. Funga sasa hivi, njoo kwangu."

"Nitatokaje?" akanong'ona. "Ukungu umejaa huku nje, hata barabara siioni."