Tangazo la Kifo cha Irna

Haya yalimkuta Zornitsa, niliyefanya naye kazi mjini Plovdiv. Yeye na rafiki yake Kalin walikuwa wamenogewa na hadithi ya picha ya mtandaoni, na kila wiki walibishana ni mchawi gani atakufa. Kalin alimpenda mmoja wao, Irna. Basi Zornitsa, kwa kumkera tu, akachapa tangazo la msiba, kama yale yanayobandikwa milangoni kule mtu akifa, lenye picha ya Irna na tarehe ya Alhamisi, akalibandika mlangoni kwa Kalin kwa selotepu ya buluu.

Kalin akampigia. "We shetani! Bibi yangu kalia mpaka basi!"

"Mwambie achemshe kabisa ngano ya matanga."

Alhamisi mchana sura mpya ya hadithi ikatoka. Irna hakufa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mlango mmoja tu, wenye tangazo na selotepu ya buluu. Picha ilikuwa ya Kalin.

Zornitsa akakimbia kwenda kulibandua. Mlangoni, ile picha ya Irna haikuwapo tena. Kalin ndiye aliyemtazama kutoka kwenye tangazo. Akampigia Kalin simu, akaisikia ikiita ndani, ikiita bila kupokewa. Taa ya ngazi ikajizima, kama kawaida yake.

Gizani, sikioni pake kabisa, selotepu ikavutwa polepole, ikakatwa.