Alichotaka Baba Mdogo

Je, wewe unaweza kukaa saa nane nzima kando ya mtu unayempenda, amekata roho mbele ya macho yako, usimguse hata ukucha, usidondoshe hata chozi? Pei-shan aliweza, naye alikuwa na miaka sita tu babu yake alipofariki. Alikaa juu ya mto mdogo wa kukalia karibu na bibi yake, akaimba pamoja na majirani jina la Buda Amitabha, jina lile lile moja, mpaka koo likamkauka. Jambo moja lilimkaa akilini tangu siku ile. Aliuona mkono wa bibi yake ukitoka polepole ndani ya sweta, ukaelekea kitandani, halafu ukarudi ulikotoka.

Huko Puli, mji wao, wazee wanaishika sana desturi hiyo. Wanasema fahamu ya mtu haitoki mwilini kwa mkupuo, bali hujitoa kidogo kidogo, kama joto linavyoitoka sufuria iliyoepuliwa. Ukimgusa mapema anasikia maumivu, maumivu yanazaa hasira, na anayeondoka na hasira huzaliwa tena mahali pabaya. Mama Liao, kiongozi wa waimbaji wa mtaa wao, alipenda kuwatisha watoto kwa kusema, "Ni kama kobe anayebanduliwa gamba angali hai!"

Pei-shan sasa alikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumbani kwao walitengeneza tofu. Soya ililowekwa jioni, ikasagwa alfajiri, ikachujwa kwa kitambaa, tui lake likachemshwa na kugandishwa, kisha likakandamizwa kwenye visanduku vya mbao. Kila asubuhi kabla ya shule, Pei-shan alipanga vipande kwenye ndoo za maji huku Baba Mdogo, Wen-tsung, akivikata. Baba Mdogo alikuwa hajaoa, alikuwa na pikipiki ya bluu, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Shan, kipande hiki kimepinda kama pua yako."

"Kimekatwa na nani? Si wewe?"

"Basi na pua yako nimeikata mimi. Nilikuwa na usingizi siku hiyo."

Asubuhi moja walikuwa wametoka kumwimbia jirani yao, Mzee Tsai, aliyefariki jana yake. Baba Mdogo alikata tofu akiwa kimya, na Pei-shan akashangaa.

"Una nini leo?"

"Magoti yanauma." Akaweka kisu chini. "Sikiliza, Shan. Mimi nikifa msikae nami saa nane, mtaota sugu makalioni bure. Kama kuna kiungo changu kinachofaa, wapeni wagonjwa. Macho, figo, maini, vyote. Moyo huu mumpe mtu mvivu, aone utakavyomwamsha alfajiri kusaga soya!"

Pei-shan hakucheka. "Na yale maumivu? Si Mama Liao alisema ni kama kobe?"

Baba Mdogo akasema, "Kobe ananyang'anywa. Mimi nitakuwa nimetoa. Hata ikiuma, nitauma meno." Akamrushia matone ya maji usoni. "Usimwambie Bibi. Nitamwambia mwenyewe siku nikimkuta ametulia."

Siku hiyo haikufika. Mwezi wa tano mvua ilinyesha mfululizo. Alasiri moja Baba Mdogo alikuwa akirudi kutoka kupeleka tofu sokoni, pikipiki ikateleza kwenye kona ya daraja. Kofia ngumu alikuwa ameivaa, nayo ilipasuka vipande viwili.

Walimpeleka hospitali kubwa mjini Taichung. Baba yake Pei-shan na Bibi walikwenda na watoto wote wawili, Pei-shan na mdogo wake Po-han, na mama yao akabaki kuwahudumia wateja. Katika chumba cha wagonjwa mahututi Baba Mdogo alilala kama amepitiwa na usingizi. Kifua kilipanda na kushuka. Chini ya kucha zake mlikuwa bado na makapi meupe ya soya.

Daktari Hsieh, mwanamke mpole mwenye sauti ndogo, aliwaketisha ukumbini.

"Tumempima mara mbili," alisema. "Tumemulika macho yake, tumemwagia maji baridi masikioni, tumesimamisha mashine ya kupumulia tuone kama atavuta pumzi. Hakuvuta. Ubongo wake umekufa, nao haurudi. Kinachopandisha na kushusha kifua chake ni mashine."

"Lakini moyo unapiga," alisema Bibi.

"Unapiga, Mama. Hautapiga kwa muda mrefu." Daktari akaendelea taratibu. "Kuna swali ambalo tunaiuliza kila familia, na jibu lolote mtakalotoa tutaliheshimu. Je, aliwahi kusema kwamba angependa kutoa viungo vyake kwa wagonjwa?"

Bibi alisimama, shanga zake za sala zikamponyoka mkononi. "Mwanangu yuko vuguvugu, nanyi mnataka kumpasua? Joto likimtoka, tutakaa naye saa nane. Ndivyo tulivyomfanyia baba yake."

Baba aliziokota zile shanga. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Mama, nami sijui. Nikikubali, naona kama ninamchinja mdogo wangu. Nikikataa, pengine yeye alitaka." Akamgeukia Pei-shan. "Mwanangu, wewe ndiye uliyeshinda naye kila asubuhi. Aliwahi kukuambia lolote?"

Pei-shan alimwona akilini yule kobe. Alimwona Baba Mdogo akipiga kelele ambazo hakuna mtu anayezisikia, na yeye Pei-shan ndiye aliyewapa madaktari visu. Tena alikuwa ameambiwa asimwambie Bibi.

"Hapana, Baba," alisema. "Hakusema kitu."

Baba alitikisa kichwa, akaenda kusimama dirishani.

Watoto waliruhusiwa kuingia kumwona tena. Po-han alimgusa Baba Mdogo mguuni kwa kidole kimoja.

"Dada, kama amekufa, mbona ana joto?"

"Mashine ndiyo inampumulia."

"Basi wasizime! Si atakuja kuamka?"

"Haamki, Po-han. Daktari amesema."

"Daktari anajua nini? Baba Mdogo huwa anajifanya amelala. Halafu ukimkaribia anakukamata pua!" Po-han aliinama kitandani, akaisogeza pua yake karibu kabisa na mkono wa Baba Mdogo. Alisubiri sana. Mkono haukusogea. Po-han akakimbia nje.

Pei-shan alibaki peke yake. Aliushika ule mkono. Ulikuwa na joto kama tofu iliyotoka kukandamizwa. "Niseme au nisiseme?" alimuuliza. Mashine ikavuta, ikatoa. Alipotoka, muuguzi alimpa mkate wenye vitunguu ndani, chakula alichokipenda kuliko vyote, lakini hakikupita kooni. Kila alipomtazama Baba pale dirishani, neno lile "hapana" lilimkwama kama mwiba wa samaki.

Kesho yake asubuhi Mama Liao aliwasili na waimbaji wanne, wamevaa majoho yao ya kahawia. Pamoja nao alikuja mtawa mzee wa hekalu lao, Mwalimu Ju-yin, kichwa kimenyolewa, mkononi ana mwavuli uliokatika kijiti kimoja. Bibi ndiye aliyemwita, akijua atamuunga mkono.

"Mwalimu, waambie," alisema Bibi. "Waambie mwili usiguswe."

"Na asiguswe!" alidakia Mama Liao. "Dada, mimi nimewaimbia watu wa mtaa mzima. Mtu akiguswa kabla ya wakati, uso unakunjamana. Nimeona kwa macho haya."

Mwalimu Ju-yin aliketi, akauegemeza mwavuli ukutani. Hakuwa na haraka.

"Walimu wetu hawakubaliani juu ya jambo hili," alisema. "Wapo wanaosema uhai, joto na fahamu vyote vitatu lazima viondoke ndipo mtu amekufa, kwa hiyo tungoje. Nawaheshimu. Wapo wanaosema hakuna utoaji ulio mkubwa kuliko kuutoa mwili wako, na mwenye kutoa kwa moyo mweupe, wema huo wenyewe humbeba. Nao nawaheshimu. Mimi ni mzee, na sijawahi kufa nikarudi kuwaambia nani yuko sahihi."

"Basi tufanye nini?" aliuliza Baba.

"Tuangalie nia ya mwenye mwili. Kama Wen-tsung hakutaka, asiguswe, hata kama hospitali nzima inalia. Kama alitaka, mkimzuia mtakuwa mmemfunga mikono akiwa anatoa. Siwezi kumchagulia, wala wewe, wala mama yake. Anahitajika mtu anayejua alichotaka."

Mlango ukafunguka, Daktari Hsieh akamwita Baba pembeni, na Pei-shan akasikia maneno machache tu: "Moyo umeanza kuchoka."

Pei-shan alisimama.

"Baba, jana nilidanganya."

Wote waligeuka.

"Alisema. Baba Mdogo aliniambia. Alisema wapewe wagonjwa, macho, figo, vyote. Nilisema hapana kwa sababu... kwa sababu niliogopa ataumia. Niliogopa nitakuwa mimi ndiye niliyemuumiza." Kilio kikamzidi.

"Haya, mtoto huyu!" alisema Mama Liao. "Jana hapana, leo ndiyo. Tumwamini lini?"

Bibi alimsogelea mjukuu wake, akamshika mabega yote mawili, akamtazama machoni.

"Alisemaje? Usinifupishie. Sema kama alivyosema yeye."

Pei-shan alifuta pua kwa kiganja. "Alisema... alisema tusikae naye saa nane, tutaota sugu makalioni bure."

Mama Liao aliziba mdomo kwa mkono.

"Endelea," alisema Bibi.

"Alisema moyo wake apewe mtu mvivu, aone utakavyomwamsha alfajiri kusaga soya. Nikamuuliza juu ya kobe. Akasema kobe ananyang'anywa, yeye atakuwa ametoa. Akasema hata ikiuma atauma meno. Na akasema nisikuambie, Bibi, atakuambia mwenyewe siku akikukuta umetulia."

Kicheko kidogo kilimponyoka Bibi, kikageuka kilio katikati. "Ni yeye," alisema. "Ni yeye huyo, mtundu huyu. Nani mwingine angetaja makalio mbele ya kifo? Mtoto hawezi kuyatunga haya." Akakaa chini polepole. "Na mimi sikutulia hata siku moja."

Baba alilia bila kujificha. Kisha akamwendea daktari, wakazungumza, akarudi kwa mama yake, na Bibi akainamisha kichwa kukubali. Mama Liao alikohoa kidogo.

"Mimi bado roho yangu haijakaa sawa," alisema. "Lakini kama alitaka, tutamwimbia tangu mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Na akitoka, saa nane zake ziko pale pale. Sugu nitaota mimi, atake asitake."

"Hilo nalo ni pendo," alisema Mwalimu Ju-yin.

Mtawa alimvuta Pei-shan kwenye benchi, akampa kitambaa.

"Unanionaje, Mwalimu?" aliuliza Pei-shan. "Mimi ni mwongo?"

"Ulisema uongo, tena siku mbaya ya kusema uongo. Leo nasi tungeweza kuchelewa. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Ulificha kwa kumpenda, na wengi wetu hufanya hivyo. Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Neno mtu alilokuachia ni amana. Hulimiliki. Huna ruhusa ya kulizika kwa sababu linakuogopesha, hata kama unadhani unamkinga. Kazi yako ni kulifikisha kama lilivyo, na wakubwa wataubeba uzito pamoja nawe. Jana uliubeba peke yako. Ulikuwa mwepesi?"

"Sikuweza hata kula."

"Basi ukumbuke uzito ule siku nyingine ukijaribiwa kunyamaza. Na nyie wakubwa," aliinua sauti ili Baba na Bibi wasikie, "mambo haya yazungumzwe mezani, tukiwa wazima, tukila wali. Yasiachiwe mtoto."

Muuguzi alikuja kuwaita. Kabla ya kumpeleka Baba Mdogo, familia ingepata nafasi ya kuagana naye. Waliingia wanne, Baba, Bibi, Pei-shan na Po-han aliyekuwa ameng'ang'ania koti la baba yake. Nje ya mlango waimbaji walianza, sauti ya Mama Liao ikitangulia, ya chini na isiyokatika.

Bibi alisimama kando ya kitanda, mikono imekunjwa ndani ya sweta, kama alivyoikunja siku ya babu. Pei-shan aliuona mkono mmoja ukitoka polepole. Ulielekea kitandani, ukasita.

"Bibi," alinong'ona Pei-shan, "mimi jana nilimshika. Hakukunja uso."

Bibi aliushika mkono wa mwanawe. Aliutia ndani ya viganja vyake viwili, akazisugua kucha zile kwa kidole gumba, akayatoa makapi ya soya moja baada ya jingine. Wimbo uliendelea nje. Hatimaye akasema, bila kumtazama yeyote:

"Babu yenu alipofariki nilikaa saa nane nimekunja mikono. Niliimba vizuri kuliko wote, watu wakanisifu. Sikumwambia mtu hata mmoja. Nilitaka kumshika mkono."