Aliyejibu Kilimani

Viatu vya mbio vya Mama Pacha vilikuwa vimelowa jasho, na jana yake hakuwa amekimbia.

Alivikuta asubuhi chini ya dirisha la jikoni, pale pale alipoviacha baada ya kuvifua na kuvikausha. Akaingiza mkono ndani, kama mama yeyote anavyopima kiatu cha mtoto, akautoa haraka. Mlikuwa na joto, joto la mguu uliotoka humo muda si mrefu. Na harufu haikuwa yake. Mtu huijua harufu ya miguu yake kama anavyoujua mlio wa mlango wake. Hii ilikuwa harufu ya mpira uliosuguliwa mpaka ukakaribia kuungua.

"Baba Pacha, nani kavaa viatu vyangu?"

Mumewe, fundi wa mafriji, alikuwa akinywa chai amesimama. "Mguu wangu uingie humo? Labda niukate vidole."

"Watoto je?"

"Hao wangevivaa wangelala humo humo." Akaweka kikombe. "Badala ya kuuliza viatu, punguza mazoezi. Usiku kucha umehema kama mbwa wa mwindaji. Sijalala."

Mama Pacha alivirudisha viatu chini ya dirisha. Yeye naye hakulala. Alikuwa amekaa macho usiku kucha akisikiliza mtu anahema kitandani, akidhani ni mumewe.

Mambo yalianza kwa wivu, na tuseme kweli, wivu wenyewe ulikuwa na sababu.

Kabla ya mapacha, mbio za bwawa zilikuwa zake. Ni mbio za watu wa kawaida, wauza duka, wauguzi, makarani, wanaolizunguka bwawa lote kwa miguu tangu jua linapochomoza mpaka linapokuwa kali. Mshindi wa kike hupewa kikombe cha bati na kupigwa picha, basi. Mama Pacha ni dobi wa nyumba ya wageni, kutwa anakamua mashuka ya watu asiowajua, lakini siku hiyo moja ya mwaka watu walijipanga barabarani wakipiga kelele, "Pikipiki! Pikipiki hiyo!" Ndilo lilikuwa jina lake. Kisha ikaja mimba, mimba ikatoa watoto wawili kwa mpigo, ikaja na maumivu ya mgongo, na homa za watoto, na mwaka ukazaa mwaka. Siku aliporudi kundini kwa wakimbiaji wenzake alisikia watu wakiita Pikipiki, akageuka kwa kicheko aitikie. Hawakuwa wakimwita yeye. Walikuwa wakimwita wifi yake.

Wifi yake, dada mdogo wa mumewe, alikuwa na duka la simu na miguu mirefu isiyojua uzazi. Nani alimfundisha kukimbia? Mama Pacha. Nani alimpa viatu vya kwanza? Mama Pacha. Mgeni kala kuku, mwenye kuku kabaki na manyoya.

"Wifi! Umerudi!" msichana alimkumbatia mbele ya kundi zima. "Njoo ukae nyuma yangu, mimi nitakukinga."

Alisema kwa upole mtupu, na hakuna tusi lililowahi kumchoma Mama Pacha kama upole ule.

Kukinga ni desturi yao. Barabara ya bwawa ina upepo mbaya, hasa kwenye kilima cha mwisho, na anayetangulia ndiye unayempiga. Wa nyuma hujificha mgongoni kwake. Aliye mbele akichoka, hujipiga kiunoni kwa kiganja mara mbili, pa, pa, bila kugeuka, maana kugeuka kunakata mwendo. Aliye nyuma hupita mbele, akaushika upepo. Ukikingwa, na wewe utakinga. Haiandikwi popote, lakini anayekwepa zamu haalikwi tena.

Sasa Mama Pacha hakutaka kukingwa na wifi yake. Akaanza kwenda peke yake alfajiri, kabla watoto hawajaamka, akapambana na kile kilima. Asubuhi moja upepo ulikuwa umeshuka kama mtu anayekusukuma kifuani kwa mikono miwili. Alikuwa amefika nusu ya kilima, mapafu yanawaka, kichwani hana ila mgongo wa wifi yake, akasikia hatua nyuma. Hatua nyepesi, za mtu anayejua kazi. Akadhani ni mmoja wa kundi. Bila kugeuka, akajipiga kiunoni. Pa, pa.

Hatua zikampita upande wa kushoto. Alizisikia zikipita. Akainua macho amshukuru huyo aliyempita, na mbele yake hapakuwa na mtu.

Upepo ulikuwa umekoma. Haukupungua, ulikoma, kama mlango umefungwa. Nyasi za kando zilikuwa zimelala chini kwa ule upepo, na yeye hata unywele haukutikisika. Mwenye akili angegeuka akarudi nyumbani. Mwenye wivu hupokea kwanza, maswali baadaye. Mama Pacha alikipanda kile kilima kama ngazi ya kwake, na alipofika juu alicheka peke yake kwa sauti.

Tangu siku hiyo upepo haukumgusa tena. Kazini mashuka yalipepea kwenye kamba zote, isipokuwa kamba aliyosimama yeye.

"Shoga, hebu ondoka hapo," mpiga pasi alimwambia. "Ukisimama mashuka yanalala kama yamefiwa. Tutakausha lini?"

Akacheka naye. Alikuwa na furaha siku zile. Alirudi kukimbia na kundi, akawafikia wa katikati, akawafikia wa mbele, mpaka siku moja akamwona wifi yake akishika magoti na kumtazama kwa mashaka.

"Wifi, unakula nini siku hizi?"

"Ugomvi," alijibu, na utamu wa jibu lile ulimkaa mdomoni wiki nzima.

Kisha vikaja vile viatu vilivyolowa. Kisha watoto. Walikuwa wakimlaki mlangoni akitoka kazini, mmoja kila mguu. Sasa walisimama mbali, ukutani, wakinyonya vidole.

"Njooni kwa mama."

Wa kike akatikisa kichwa. Wa kiume ndiye aliyenong'ona, "Mama, huyo anayekushika kiuno nani?"

Usiku ule alilala chali, taa imezimwa, mumewe kulia kwake, na kati yao palikuwa na nafasi ambayo hawakuiacha wao. Harufu ya mpira ulioungua ilianza miguuni mwa kitanda ikapanda taratibu. Alijiambia ni jirani anachoma takataka, akajiambia ni waya wa friji la mteja lililoletwa sebuleni, akajiambia mengine mengi ambayo mtu hujiambia ili asigeuze shingo, huku ile pumzi ikiingia na kutoka karibu na sikio lake, mbili ndani, mbili nje, pumzi yake mwenyewe ya kilimani, aliyoifundisha kifua chake kwa miaka, ikihemwa sasa na kifua kingine, kipana, chenye joto la kiatu kilichovuliwa sasa hivi, mpaka godoro likainuka upande wa mumewe na fundi wa mafriji, mwanamume mzima wa kilo zake, akaanguka sakafuni kama gunia.

"Mbona unanisukuma?" mumewe alinong'ona kutoka chini.

"Si mimi."

"Nani sasa?"

Sikioni mwake kulikuwa na sauti nyingine, kavu, yenye kijicho. "Huyu wa nini? Hakimbii. Na wale wawili wa nini? Walikutoa barabarani. Mimi nimekukinga. Sasa ni zamu yangu."

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaenda kwa mganga mmoja wa kike aliyekaa nyuma ya gereji. Alikuwa mama mnene mwenye haraka, anakunja nguo za wajukuu huku anasikiliza. Mama Pacha alipomaliza, mganga hakuuliza kingine.

"Ulimwita?"

"Sikumwita. Nilipiga kiuno tu."

"Basi umemwita vizuri kuliko wanaosoma majina." Akaweka makaa kwenye kigae, akanyunyiza kitu juu yake, akamfukiza. Moshi ulikwenda kwa Mama Pacha, ukafika karibu ya uso wake, ukapinda. Mganga akasonya. "Huyu ni wa barabarani. Nyumba hataki, anataka mtu. Na chakula chake ni wivu. Ulipikia mtaa mzima, akasikia harufu."

"Anataka nini?"

"Uwe wake peke yake. Ataanza na mume, atamalizia kwa watoto." Akakunja suruali ndogo, akaibandika juu ya rundo. "Fukizo langu halimwezi, nisikudanganye. Wa hivi hafukuzwi, anashindishwa njaa. Nenda kwenye hizo mbio zenu. Kimbia wa mwisho. Usimpite mtu, hata mzee wa mkongojo. Atakuchochea, mwache achochee. Akiona mpaka mwisho hukumwonea mtu wivu, atashiba njaa, ataondoka. Lakini sikiliza. Usikae nyuma ya mtu kwa karibu. Atakayeita mbele yako, huyo ndiye atakayejibiwa."

"Mbio hizi nimezingoja tangu nijifungue."

"Na wanao wanakungoja ukutani. Chagua."

Hapakuwa na cha kuchagua. Mama Pacha alikuwa mama, na alijua hesabu ya mama.

Siku ya mbio jua lilichomoza juu ya bwawa kama siku yoyote. Wifi yake alimtafuta kwenye umati, amevaa fulana mpya ya njano.

"Wifi, mwaka huu mimi na wewe. Twende pamoja, zamu kwa zamu."

"Tangulia. Mgongo unanisumbua."

"Kweli?" Msichana alimshika mkono. "Mimi nilitaka unishinde, ujue. Nimechoka kuitwa jina lako."

Hata hilo lilimchoma. Anagawa kile alichoiba!

Filimbi ikalia. Mama Pacha akabaki nyuma, pamoja na mwenye duka la mbao mwenye kitambi na bibi mmoja aliyekuwa akitembea na kusimulia habari za goti lake. Kiunoni ile mikono ilikaza. "Mpite huyu," sauti ilisema. "Mpite tu huyu mnene." Hakumpita. Alikimbia akiwataja wanawe, mmoja kwa kila mguu, na kwa mwendo mrefu aliweza kujizuia. Mikono ilianza kulegea. Aliisikia ikilegea.

Kisha, mbali mbele, kwenye kona ya lango la maji, watu wakapiga kelele. "Pikipiki! Pikipiki hiyo!"

Moyo wa mtu una mlango wa uani. Alijiambia ataongeza mwendo kidogo tu, si kumpita mtu, aione tu ile fulana ya njano. Akampita mwenye kitambi. Akawapita wauguzi, akawapita wanaume wa benki, akawapita wa kundi lake waliomwangalia midomo wazi, na kila aliyempita mikono ilikaza kiunoni kwa furaha, na vumbi halikumgusa, na upepo haukumgusa, na barabara ikakunjika chini yake kama shuka linalokunjwa na watu wawili wanaoelewana, mpaka kilima cha mwisho kilipoinuka na fulana ya njano ikawa mbele yake, karibu kiasi cha kuona chumvi ya jasho shingoni mwa wifi yake.

Maneno ya mganga yalimjia hapo. Kurudi nyuma hatua chache kungetosha. Miguu ilikuwa yake, angeweza kuipunguza. Hakuipunguza.

Upepo ulikuwa unamla msichana. Kichwa kilikuwa kimeinama, mabega yanayumba. Alikuwa amesikia hatua nyuma, hatua za mtu anayejua kazi, na hakugeuka, maana hivyo ndivyo alivyofundishwa. Mkono wake ulishuka kiunoni.

Mama Pacha alikuwa na pumzi ya kupiga kelele. Hilo analijua yeye mwenyewe na hakuna wa kumsaidia kulisahau. Alikuwa na pumzi tele.

Pa, pa.

Mikono ikamwachia. Upepo ukampiga usoni kama shuka lililolowa, ukamjaza mchanga mdomoni, ukamsimamisha pale pale katikati ya kilima. Na mbele yake wifi yake aliinuka, kama mtu aliyenyanyuliwa kwapani, akapanda kile kilima kwa mwendo ambao hakuna mtoto wa binadamu aliyewahi kukipanda nao, watu wakipiga makofi, kisha watu wakinyamaza.

Mama Pacha akabaki ameshika magoti. Alikuwa huru. Na wazo la kwanza lililomjia halikuwa la kushukuru wala la huruma. Lilikuwa hili: mbona mimi hakunipandisha hivyo?

Nyumbani kukatulia. Watoto walirudi miguuni kwake, mumewe alikoroma usiku kucha kwa amani, viatu vilikaa vikavu chini ya dirisha. Kazini mashuka yalimpepea usoni mpaka yakamkera.

Wifi yake alikuja huko huko kwenye kamba, mchana, duka lake amelifunga. Alikuwa amekonda. Alisimama kati ya mashuka mawili, nayo yakalala.

"Wifi, nikuulize, usinicheke."

"Uliza."

"Ulipokuwa ukikimbia peke yako, uliwahi kusikia mtu?" Alinong'ona akitazama pembeni. "Kuna mtu ananihemea. Mchumba wangu juzi kasukumwa kwenye ngazi, mkono umevunjika. Mimi sikumgusa, wifi. Naapa. Nasikia sauti inasema ni wangu, ni wangu. Nifanye nini?"

Njia ya kwa mganga, nyuma ya gereji, ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka pale. Mama Pacha aliijua. Akakamua shuka, akalikamua tena, maji yakamtiririka mpaka kwenye viwiko.

"Huyo," alisema bila kumtazama, "huwa ananitaja?"

Msichana aliinua uso polepole. "Nini?"

"Nimekuuliza kitu chepesi, wifi. Ananitaja?"